Nilivyompeleka Mkongo wa Kawangware ofisi ya serikali apangiwe wadi yetu

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kazini mkijifanya mnafanya kazi na mlio nyumbani mkijifanya mnaitafuta.

Hii story ni yangu mwenyewe, haijatoka kwa cousin wa rafiki ya jirani. Nikitia chumvi mtaiona, mimi huimwaga juu juu tu. Nyama ya chini ni ya kweli.

Kuna wakati niliamini, kwa moyo wote na akili zangu zote, kwamba serikali imeajiri Wakongo, mmoja kwa kila wadi, waende vijijini kufundisha watu computer.

Na kwamba mkubwa wao ni jamaa anaitwa Akili Mnemba.

Nyinyi wa Bongo najua mshaanza kucheka. Shikilieni hiyo kicheko kidogo, msiwaharibie Wakenya wenzangu.

Sasa nianze mwanzo.

Nafanya kazi kwa duka la printing River Road. Tunachapa kadi za harusi, mabango ya mazishi, vitabu vya risiti, na siku hizi watu wanakuja na picha zimetengenezwa na AI, bibi harusi ana vidole saba, wanataka tumpunguzie viwili.

Na msinione hivi mkadhani mimi ni wa kudharau elimu. Form Four nilimaliza nikiwa mtu mzima na ndevu, night school hapo hapo mjini, nikitoka kazini na wino kwa vidole. Nilisoma mpaka popo wa ile jengo wakanijua kwa jina.

Somo moja tu ndilo lilinishinda kukaa macho, Kiswahili. Hasa siku za ngeli. Mwalimu akianza na zile A-WA na U-I zake, mimi nilikuwa nimelala kabla chaki iguse ubao. Nilijiambia, hapa Nairobi ni kitabu yangu, kiti yangu, mtoto yangu, kila kitu ni yangu na maisha inaendelea. Hizo herufi za mbele ni za nini?

Wekeni hiyo kando, tutairudia.

Boss wetu hupenda redio ya Kiswahili. Siku moja, mashine zikinguruma kama ndege inashuka, nikasikia msomaji wa habari akisema mkongo wa taifa utafika katika kila wadi, ili vijana wapate ujuzi wa kidijitali na wanufaike na akili mnemba.

Nikamgeukia Njoroge, mwenzangu wa kukata karatasi.

"Mkongo wa taifa? Taifa gani sasa, letu ama lao?"

"Lao," Njoroge akasema, bila kusimamisha kisu. "Wanatumwa na serikali yao. Si madini ya simu hutoka Kongo? Mtu anachimba simu kutoka kwa mchanga, wewe utamfundisha nini?"

Hapo niambieni, wakuu, ningebisha kutoka wapi?

"Na huyo Akili Mnemba?"

"Huyo ni mkubwa wao. Wakongo huitwa hivyo. Akili, Akilimali. Kanisani kwetu tuko na mmoja, anapiga gitaa."

Kesi ikafungwa. Mimi na Njoroge tukikubaliana juu ya kitu, hata mahakama ya juu huwa inanyamaza.

Jioni nikapiga simu nyumbani, Kitui. Kwetu Ukambani mama tunamwita Mwaitu. Mwaitu wangu ni mjane, mama wa kanisa, mtu wa msimamo. Akikataa kitu, hata mvua hungoja abadilishe mawazo.

Nikampa habari kama mtu wa serikali. Nikamwambia, "Mwaitu, mnaletewa Mkongo."

"Mkongo wa kufanya nini?"

"Kufundisha vijana computer."

Halafu akauliza, "Na atakuwa akilala wapi?"

Hiyo swali redio haikuwa imejibu, kwa hivyo nikajibu mimi. "Nadhani watamweka kwa watu wenye nafasi."

Sasa Mwaitu ako na nafasi. Tangu mzee aondoke, nyumba ya mbele iko wazi, ile inatazama shamba lake la ndengu.

Akasema tu, "Haya." Nikakata simu nikiwa nimefurahi.

Sasa niwaeleze kilichokuwa mezani, ndiyo mjue hii haikuwa mzaha kwa kila mtu.

Niko na dada, Mwende. Ndiye kitinda mimba. Alifanya kozi ya digital skills ile ya serikali, akaifaulu vizuri sana. Pale soko letu wakafungua kituo, wakaleta computer mpya zikiwa na plastiki, na Mwende akaambiwa yeye ndiye atakuwa trainer. Kazi nyumbani kwao, karibu na mama.

Shida ilikuwa moja. Hakuna network. Kwetu ukitaka kutuma picha unapanda kilima, unainua simu kama unaomba mvua, na hiyo picha inafika wakati uliyempiga ameshazeeka.

Na walikuwa wameambiwa wazi: internet isipofika kabla shule zifunguliwe, computer zitahamishiwa wadi jirani, ambayo ilikuwa tayari. Mwende naye angekuja Nairobi kutafuta kazi ya nyumba, akilala kwangu Kangemi.

Wakuu, chumba changu cha Kangemi, ukifungua mlango lazima kitanda kitoke nje kiupishe. Na kazi ya nyumba si mbaya, lakini msichana hajasoma kozi yote hiyo aje afue soksi za mtu.

Basi wiki zikapita. Mwende akanipigia kutoka kule juu ya kilima.

"Kaka, fibre imekwama."

Fibre nilijua ni waya, hapo sikuwa mshamba. Kwa akili yangu, fibre ni waya na Mkongo ndiye mwalimu wake. Wanakuja pamoja, kama ng'ombe na mchungaji.

"Imekwama wapi?"

"Wale wa kuchimba mtaro wamefika karibu na kwetu wakaacha. Chifu anasema kuna mtu amekataa. Mama naye nikimuuliza anaingia jikoni na kufunga mlango. Shule zinafunguliwa karibuni, kaka."

Sauti yake ilikuwa ile ya mtu ameshaanza kupanga nguo kwa begi.

Nikafikiria. Waya umefika, lakini kazi imesimama. Kwa nini? Kwa sababu Mkongo hajaletwa. Pengine waliokuja ni wachache, wadi ni nyingi, sisi tukasahaulika. Sasa kama serikali haina Mkongo wa kutosha, si raia mwema anaweza kusaidia kupata mmoja?

Na mimi nilikuwa naye.

Papa Jolie ni fundi wa nguo Kawangware. Anatoka Bukavu, ameishi hapa miaka mingi, binti yake anaitwa Jolie ndiyo akaitwa hivyo. Ndiye alinishonea suti ya graduation ya night school, suti kali mpaka mkuu wa shule akanipigia saluti. Nikaenda kwake nikampa mpango wote.

Akaweka mkasi chini.

"Ndugu, miye najua cherehani tu. Hiyo computer sijue hata mahali inawashiwa."

"Utafundishwa. Akili Mnemba atawafundisha."

"Akili mtoto wa nani?"

"Mkubwa wenu."

"Miye simjue." Akafikiria kidogo. "Akili ni wengi kwetu. Lakini Mnemba, hapana. Labda wa Lubumbashi."

"Papa Jolie, ni kazi ya serikali. Mshahara, nyumba, shamba la ndengu mbele ya dirisha."

Akatazama cherehani yake. Halafu akasema, "Twende tuwasikilize. Kusikiliza hakuna bei."

Siku ya kwenda akatokea na suti ya rangi ya haradali, viatu vyeupe, na kofia. Nawaambia Kawangware ilisimama. Hata kuku walitoka njiani.

Tulianza Upper Hill, kwa sababu mtu alituambia mambo ya digital iko kwa zile jengo ndefu. Askari wa mlangoni alivyomwona Papa Jolie akafungua geti lile kubwa la magari. Tukaingia kwa miguu kwa geti la magari. Reception wakatuambia ofisi yenyewe ilihamia town. Tukatoka, askari akapiga saluti tena. Tukateremka mpaka town, mimi jasho, yeye hata vumbi halikumgusa.

Ofisi ya town ilikuwa na foleni, mkia wake ulikuwa unaelekea Ethiopia. Dirishani alikuwa mama wa pwani, amejifunga mtandio, anaongea Kiswahili kile kimepigwa pasi. Macho kwa screen, mikono kwa keyboard, hamtazami mtu.

"Wadi gani?"

Nikamtajia.

Akabonyeza. "Aa, nyinyi. Mkongo wenu umefika hadi karibu na soko. Umekwama hapo."

Nikamtazama Papa Jolie. Papa Jolie akanitazama.

"Madam, umekwama aje? Niko naye hapa."

"Uko na nani?"

"Na Mkongo."

"Kaka, huyo uliyekuja naye atangoja nje, hapa tunashughulikia wadi." Bado macho kwa screen. "Huu wenu hauna tatizo lolote. Ni mzima. Tatizo ni mama mmoja hapo kwenu, mkaidi kupita kiasi. Amekataa usipite kwenye shamba lake."

"Mama gani?"

"Wameandika Mama Mwende."

Wakuu, nilisogea mpaka pua ikagusa kioo cha dirisha.

"Huyo ni mama yangu."

Hapo ndiyo alinitazama mara ya kwanza. "Basi afadhali umekuja wewe. Hebu mpigie simu umweleweshe. Mwambie hautakaa kwake. Hautakula kitu chake. Utapita tu, tena chini kwa chini. Utafukiwa, udongo utarudishwa, na atapanda mazao yake juu kama kawaida."

"Utafukiwa?"

"Ndiyo. Kila mahali tunaufukia. Ukiachwa juu watu huukata. Anayefuata."

Papa Jolie alikuwa ameshavaa kofia.

Nilimpata kwa ngazi. Nimemjua miaka yote hiyo na sijawahi kumwona akitembea haraka.

"Ndugu, umesikia yule mama? Wanatuzika. Tukiachwa juu, batu wanatukata."

"Papa Jolie, hiyo ni lugha ya ofisi. Kufukiwa ni kupelekwa posting ya mbali. Mwalimu akitumwa Turkana si watu husema amezikwa huko?"

"Na udongo kurudishwa?"

Nikamwambia tukae kwanza tununue chai.

Tukakaa kwa kibanda karibu na River Road na nikapiga simu nyumbani. Na hapa ndipo mambo yalianza kufunguka, hata kama mimi mwenyewe sikuwa nimefunguka.

"Mwaitu, ni kweli umekataa Mkongo?"

Akajibu polepole, "Walikuja hapa vijana na jembe. Wakaniambia, mama, tunaomba kupitisha mkongo kwa shamba yako. Nikawaambia waende. Mimi ni mjane, Musyoka. Mwanaume wa nchi ingine aonekane akitoka kwa boma yangu asubuhi, nitasimama aje mbele ya wamama wa kanisa?"

"Kwa nini hukumwambia Mwende?"

"Nimwambie nini? Kwamba kaka yake ananitafutia mwanaume?"

Chai ikapoa.

"Mwaitu, nimetoka ofisini sasa hivi. Halali kwako. Hali kwako. Ni wa kupita tu."

"Apite aende wapi?"

"Sokoni. Kwa kituo cha Mwende. Asipopita, computer zinaenda wadi ingine, na Mwende anakuja huku kufua nguo za watu."

Nikasikia akihema. Mwaitu akihema hivyo, ndengu za Kitui nzima huinama.

"Mwende amekuwa akikunja nguo zake usiku akidhani nimelala," akasema. Halafu, "Haya. Apite. Lakini apite mchana, watu wakiona. Na asikanyage ndengu zangu."

"Nitamwambia."

Nilimgeukia Papa Jolie, nikamwambia asikanyage ndengu. Akaniambia yeye hatakanyaga Kitui kabisa, arudi kwa cherehani yake. Hata hivyo alimaliza chai, na mandazi yangu.

Wakuu, hapa nisimame kidogo niseme funzo, maana mwisho wa hii story si wangu kuusema, ni wa Mwende, na nikishaufikisha sitakuwa na la kuongeza.

Funzo la kwanza, ukisikia neno kwa redio na hulijui, usimuulize mtu wa karibu. Muulize mtu anayelijua. Njoroge alikuwa karibu sana.

La pili ni la wakubwa, kama kuna mmoja anapitia hii forum akijificha kwa jina la mchezaji wa mpira. Hizi miradi za internet vijijini na AI ni nzuri, sina neno nazo. Computer zilifika, kozi ilifika, pesa ya mtaro ilifika. Lakini kitu hicho kimoja, redio inakiita hivi, Mwende anakiita vile, chifu anasema mtandao, vijana wa jembe wanasema lile neno la redio kwa sababu ndilo waliandikiwa. Hakuna hata mmoja aliyeketi na mama yangu akamwambia kwa maneno ya nyumbani, hii ni nini, inapita wapi, itakufanya nini. Mtaro mzima ulisimamishwa na neno moja, na aliyeusimamisha alikuwa na sababu nzuri kuliko zote.

La tatu, msilale siku za ngeli.

Kama na nyinyi mna neno la serikali liliwahi kuwapeleka kusikofaa, wekeni hapa chini. Najua siko peke yangu, na kama niko peke yangu, basi nidanganyeni kidogo.

Sasa mwisho.

Ilikuwa Jumamosi, kabla tu ya shule kufunguliwa. Nilikuwa kwa Papa Jolie Kawangware, ananirekebishia suruali. Simu ikalia, video call. Nikashangaa, kwetu hakuna aliyewahi kupiga video, ungepiga ungeona pua ya mtu imeganda mpaka salio iishe.

Nikapokea. Mwende, amesimama ndani ya kituo, computer nyuma yake zimewaka, plastiki zimetolewa. Picha safi mpaka niliona kovu lake la utotoni. Alikuwa anatabasamu tu kama mtu ameshika kitu mgongoni.

Halafu akatokea Mwaitu, kitambaa cha kanisa kichwani, ameweka uso karibu na camera kama anaangalia ndani ya chungu.

"Musyoka. Mkongo wako amefika."

"Amefika? Ako wapi?"

"Amelala chini ya ndengu."

Papa Jolie alisimamisha cherehani.

"Mwaitu, amelala aje chini ya ndengu?"

"Walimleta kwa lori. Ameviringishwa kwa gurudumu kubwa ya mbao. Mimi nilikuwa nimechinja kuku, nikatoka na sahani mpaka kwa mtaro, nikawauliza wale vijana, mgeni yuko wapi ale. Wakanionyesha." Akanitazama. Mama yangu hajawahi kunitazama kupitia kioo cha simu, na bado macho yake niliyasikia kwa mgongo. "Kuku wamekula wao. Huyo ni nani nyuma yako amevaa vizuri?"

"Ni Papa Jolie, Mwaitu. Ndiye yule nilikuwa nataka kuwaletea."

"Mwambie pole. Akija kutembea, atakula kuku yake. Lakini atalala kwa chifu."

"Asante, mama," Papa Jolie akasema, akavua kofia.

Mimi bado nilikuwa kwa lile gurudumu la mbao. Nikauliza, na niliuliza kwa roho safi, kama mtu wa Form Four, "Sasa Mwende, kama Mkongo ni huyo, Akili Mnemba naye atakuja lini?"

Mwende akachukua simu kutoka kwa mama. Hakucheka. Aliongea polepole, vile trainer anaongea na mwanafunzi wake wa kwanza.

"Kaka, mkongo ni waya, ndiyo hiyo fibre. Akili mnemba ni AI. Redio ilisema utafika. Angekuwa mtu, wangesema atafika."